Lori Likishavuka Tunduma: Namna ya Kulinda Haki Yako Baada ya Ajali

Simama kando ya barabara kuu pale Mlowo au Vwawa kwa nusu saa, utafute gari ambalo mwenyewe anaishi hapa. Utaliona moja moja. Mengine yote ni matenki ya mafuta yanayoelekea Lubumbashi, semi zilizobeba shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, mabasi ya masafa marefu, na magari ya IT yaliyoshushwa melini juzi yakikimbizwa mpakani. Mkazi wa Mbozi Mission huingia katika barabara hiyo akiwa nyuma ya bodaboda, amebanana ndani ya Noah, au kwa miguu na gunia la mahindi kichwani. Ajali ikitokea, wewe utabaki hapa na maumivu yako. Aliyekugonga kesho asubuhi yuko Kapiri Mposhi.

Ushauri mwingi kuhusu haki za majeruhi huandikwa kwa ajili ya mtu wa mjini, ambaye gari lililomgonga ataliona tena wiki ijayo likipaki mtaani. Huku kwetu mambo hayaendi hivyo. Sheria inayokulinda ipo, bima ipo, mahakama zipo Vwawa. Kinachowakosesha watu fidia, mara nyingi kuliko sheria mbovu au hakimu mbaya, ni kwamba siku ya ajali hakuna aliyeandika gari lilikuwa lipi, la nani, na limekatiwa bima wapi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu saa chache za mwanzo na wiki moja ya kwanza. Yanayofuata baadaye, wakili anaweza kukusaidia. Saa zile za mwanzo hakuna wa kukurudishia.

Kabla gari halijaondoka

Uhai kwanza. Piga 112 kwa polisi, na 114 kwa zimamoto endapo kuna moto au mtu amebanwa. Kama kilichopinduka ni tenki la mafuta, ondoka na uwaondoe wenzako, hata kama petroli inatiririka kwenye mtaro na vijana wanakuja na madumu. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sababu hiyo. Na tukizungumzia haki tu, aliyeungua akichota mafuta atakuwa na kazi ngumu sana ya kumdai mwenye lori.

Kama unaweza kusimama, au una ndugu wa kukusimamia, anza na namba za gari. Nasema namba kwa wingi, kwa sababu semi lina namba ya kichwa na namba ya tela, na hizo mbili hazifanani. Kichwa kinaweza kuwa cha kampuni moja na tela la mtu mwingine kabisa. Piga picha zote mbili. Piga picha ya jina lililoandikwa mlangoni, leseni ya dereva, kadi ya bima, na kama gari ni la Zambia, Kongo, Malawi au nchi nyingine jirani, omba kuona Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo tutairudia. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa upige barabara yenyewe: magari yalivyokaa kabla hayajasogezwa, alama za matairi, taa kama zinawaka, na kama lori lilikuwa limeharibika na kuachwa barabarani, piga picha kuonyesha kama kulikuwa na viakisi mwanga nyuma yake au matawi ya miti tu. Tawi la mti lililotupwa kwenye lami usiku si onyo linalotosha, ila asubuhi litakuwa limeshaondolewa na utabaki kubishana maneno matupu.

Picha hizo ziache kwenye simu iliyozipiga. Kumtumia ndugu kwa WhatsApp ni sawa, lakini usifute zile za mwanzo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii kupokelewa mahakamani, na swali la kwanza utakaloulizwa ni picha ilipigwa na nani, lini, kwa simu ipi.

Mashahidi wawili wanatosha, mradi ni watu wa kupatikana. Abiria wa basi la Lusaka anaweza kuwa ameona kila kitu na bado asikufae, kwa sababu hutamwona tena. Mtafute mama lishe wa pale kando, fundi wa pancha, bodaboda wa kijiweni. Chukua jina kamili na namba ya simu, na uipige palepale uone kama inaita.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamlazimisha dereva kusimama, kutoa jina na anwani yake, na kutoa taarifa polisi. Akikimbia, usikae chini ukilia kwamba haki imepotea. Ukiwa na namba ya gari na mwelekeo wake, una kitu. Lori linaloelekea Tunduma lazima lipite mizani ya Mpemba, kisha lisimame forodhani, mara nyingi katika foleni inayoweza kuchukua siku. Mpigie polisi haraka na umwambie hivyo kwa maneno hayohayo: namba fulani, rangi fulani, linaelekea Mpemba, limepita sasa hivi. Foleni ya Tunduma inalaaniwa na kila mtu, lakini kwa majeruhi inaweza kuwa rafiki.

Jambo jingine linasemwa kwa nadra. Dereva anapokimbia, mara nyingi anakimbia mawe. Akijisalimisha kituo cha polisi kilicho karibu kwa kuhofia maisha yake, anafanya jambo la kueleweka. Anayempiga dereva au kuchoma lori anadhani anamtetea majeruhi, kumbe anamwibia. Dereva aliyeuawa hahojiwi, lori lililoungua halikaguliwi breki, na kampuni ya bima inapata sababu ya kuuliza ni uharibifu upi ulitokana na ajali na upi na kiberiti. Kama una sauti mbele ya watu hapo, itumie kuwazuia.

“Tuyamalize hapahapa”

Hapa ndipo haki nyingi zinapozikwa katika mkoa huu, na ndiyo sababu nitakaa kidogo.

Dereva ana mzigo, ana muda aliopewa, na bosi anapiga simu kila dakika. Wewe umekaa chini, mguu unauma lakini unasogea. Anatokea mzee mwenye busara, au kijana wa kituo anayejifanya mzee, anasema: mwanangu, polisi ni usumbufu, kesi ni ndefu, huyu bwana ana laki tatu mkononi, chukua ukatibiwe, tuyamalize. Karatasi inachanwa kwenye daftari, unasaini, mtendaji wa kijiji anagonga muhuri. Wiki ya pili mguu umevimba, picha ya X-ray inaonyesha mfupa wa nyonga umepasuka, na lori liko Ndola.

Sikatai suluhu. Magari mawili yakikwaruzana ubavuni, hakuna aliyeumia, na mwenye kosa anakubali kulipa kioo na rangi, andikianeni, mlipane, kila mtu aende zake. Nani ana muda wa kushinda kituoni kwa sababu ya bampa? Lakini mtu akiwa ameumia, hata kama anatembea, hata kama anacheka, msimalizane siku hiyo. Mwili hauonyeshi hasara yake yote siku ya kwanza. Aliyegongwa kichwa huenda akaanza kusahau mambo baada ya mwezi.

Je, ukatae fedha? Hapana. Unahitaji kufika hospitali, na fedha ya dereva ni fedha. Ipokee, ila karatasi iseme inavyopaswa kusema. Andika hivi: “Nimepokea shilingi kadhaa kutoka kwa fulani, dereva wa gari namba fulani, kama mchango wa matibabu ya awali. Haya si malipo ya mwisho na sijaacha madai yangu.” Saini, naye asaini, shahidi asaini. Akikataa kusaini maneno hayo, umeshajua alikuwa anakununulia nini. Njia nyingine ni kumwambia atume kwa simu, ujumbe wa muamala ubaki na jina lake, namba yake na tarehe. Ujumbe huo pekee ni ushahidi kwamba alikuwepo na alikufahamu.

Msiba una ugumu wake. Mwenye gari anapoleta jeneza, anagharamia usafiri wa mwili, anakuja na bahasha ya rambirambi, si utu kumfukuza. Tumelelewa tofauti. Lakini rambirambi ni rambirambi na fidia ni fidia. Ikiletwa karatasi ya kusaini katikati ya kilio, mjomba mmoja wa familia aichukue, aiweke mfukoni, aseme kwa adabu kwamba itasomwa baada ya maziko. Andikeni kwenye daftari la msiba kilichopokelewa, kutoka kwa nani, na kwa jina gani: rambirambi. Hakuna mtu mstaarabu atakayekasirikia hilo.

Kumbuka pia kwamba kosa la jinai la barabarani si mali yako ya kuuza. Ninyi wawili mkikubaliana, hilo halimfungi polisi wala mwendesha mashtaka.

Kituoni

Toa taarifa siku hiyohiyo, upewe namba ya RB. Iandike mahali zaidi ya pamoja. Uliza jina la askari mpelelezi na namba ya jalada, kwa sababu utakaporudi baada ya mwezi na kuuliza “ile ajali ya Jumanne”, kituo cha barabara kuu kimeshapokea nyingine nyingi.

Fomu ya PF3 hutolewa bure. Ndiyo inayounganisha majeraha yako na ajali, na daktari ndiye anayeijaza. Kama uliumia vibaya, tangulia hospitali, ndugu afuate fomu. Kuokoa maisha hakusubiri karatasi. Daktari akishaijaza, itoe nakala kabla ya kuirudisha polisi. Nimeona familia zikipoteza miezi zikitafuta fomu moja ambayo nakala yake ingegharimu shilingi mia mbili dukani.

Maelezo yako yakiandikwa, yasome kabla ya kusaini. Husomi vizuri? Omba usomewe pole pole, na palipokosewa parekebishwe. Sema ulichoona, si ulichosimuliwa. Kama hukumbuki mwendo wa gari, sema hukumbuki. Mtu anayesema lilikuwa linakwenda “mia na ishirini” bila kujua, atavuliwa nguo na wakili wa upande wa pili.

Baadaye utahitaji nakala za karatasi nyingine za polisi, na kampuni za bima huzitaja kwa namba tu kana kwamba kila mtu amezaliwa anazijua: PF115 ni taarifa ya ajali, PF93 ni ripoti ya ukaguzi wa gari, PF90 ni ripoti ya mwisho ya upelelezi. Pamoja nazo iko ramani ya tukio aliyochora askari wa trafiki. Ukiweza, uwepo inapochorwa, au shahidi wako awepo. Mstari mmoja ukichorwa upande usiostahili unaweza kukuhamishia kosa zima.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui mpaka wamechelewa. Dereva wa masafa akifikishwa mahakamani, mara nyingi anakiri kosa la kuendesha bila uangalifu, analipa faini, anaondoka, yote ndani ya asubuhi moja. Wewe uko wodini na hujaambiwa. Faini ile imekwenda serikalini. Hujapata hata senti. Lakini usidhani kesi hiyo haikuhusu. Kwa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya jinai iliyomtia mtu hatiani ni uthibitisho kwamba alitenda kosa hilo, na utaitumia katika kesi yako ya madai bila kuanza upya kubishana nani alimgonga nani. Kwa hiyo muulize mpelelezi namba ya kesi na mahakama iliyoisikiliza, kisha uombe nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Ukifanikiwa kuwepo siku hiyo, mwombe mwendesha mashtaka aiombe mahakama itoe amri ya fidia. Mahakama ya jinai ina mamlaka hayo, ila haitayakumbuka yenyewe kila mara.

Hospitali, na majina yako

Nenda ukapimwe hata kama unajisikia mzima. Iwe ni Hospitali ya Mbozi Mission ya Kanisa la Moravian, hospitali ya rufaa ya mkoa Vwawa, au umepelekwa mpaka Mbeya, kila unapopita omba karatasi ya hapo: cheti cha matibabu, majibu ya vipimo, picha za X-ray zenyewe na si maelezo yake tu, muhtasari wa kuruhusiwa. Mweleze daktari kila panapouma. Kidonda ambacho hakikuandikwa siku ya kwanza, kampuni ya bima itasema ulikipata shambani.

Risiti zote zitunze: dawa, magongo, nauli za kurudi kliniki, chakula cha ndugu anayekuuguza. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hasara ya fedha inayotajwa kwa kiasi lazima idaiwe kwa kiasi hicho na ithibitishwe kikamilifu. Maumivu na mateso hakimu anaweza kuyakadiria kwa busara yake. Bei ya chuma kilichowekwa mguuni hatakukadiria.

Kipato chako nacho kinahitaji karatasi, na hapa mkulima wa Mbozi anadhani hana. Anazo. Stakabadhi za kahawa kutoka AMCOS za misimu miwili mitatu, taarifa ya miamala ya simu, mkataba wa pikipiki unaoonyesha hesabu ya kila wiki kwa tajiri, daftari la VICOBA, barua ya mtendaji kuhusu ukubwa wa shamba. Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Zikiwekwa pamoja zinaonyesha mtu aliyekuwa na kazi, na msimu ambao hakuivuna kahawa yake.

Halafu majina. Kwenye kitambulisho cha NIDA unaitwa hivi, hospitali uliandikisha jina la ubatizo, polisi waliandika jina la babu, na kwenye kadi ya bima ya afya herufi moja imeruka. Kwako ni mtu mmoja. Kwa afisa wa madai ni watu watatu. Tangu siku ya kwanza toa jina la kitambulisho. Kama umeshachanganya, wakili au kamishna wa viapo atakuandalia kiapo cha majina, lakini ni fedha na safari.

Bima, na Kadi ya Njano

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka kila gari barabarani liwe na angalau bima ya kumlinda mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni wewe: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, uliye kwenye gari jingine. Kuhakiki bima ya gari la Tanzania huhitaji ruhusa ya mwenyewe. Unaingia kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unaandika namba ya usajili, unaona kampuni na tarehe ya kuisha. Fanya hivyo siku ya ajali na uhifadhi picha ya kioo cha simu.

Shabaha ya lazima ya sheria hiyo ni kifo na majeraha ya mwili. Duka lako lililobomolewa au ng'ombe wako aliyegongwa hutegemea mkataba wa gari husika ulivyoandikwa, kwa hiyo dai lake liandike peke yake, usilifiche ndani ya dai la majeraha.

Abiria aliyelipa nauli analindwa, na tiketi ndiyo shahidi wake. Usiitupe kwenye basi, hata ya kielektroniki ihifadhi. Aliyepewa lifti ya bure juu ya mzigo wa lori yuko pabaya, kwa sababu bima ya lazima haikumkusudia mtu wa namna hiyo. Anaweza bado kumdai dereva na mwenye gari, ila mfuko wa bima unaweza usiwepo nyuma yao. Nawaambia hili hasa wanaopanda magari ya IT usiku kwa kuwa nauli ni nafuu na yanakwenda kasi. Gari lile halina leseni ya kubeba abiria, mwenyewe yuko nchi nyingine, na dereva amelipwa kulifikisha tu. Ukipona, utamdai nani?

Sasa gari la kigeni. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango wa Kadi ya Njano, na Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kongo wamo pia. Kazi ya kadi hiyo ni kwamba bima iliyokatwa Lusaka inamlipa majeruhi wa Mlowo kwa kufuata sheria ya Tanzania, na hulazimiki kuvuka mpaka kudai. Ofisi inayosimamia mpango huo nchini ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Utakachohitaji ni namba ya kadi, kampuni iliyoitoa na tarehe zake. Ndiyo maana nilisema uipige picha. Gari la Afrika Kusini au Botswana limetoka nchi isiyo kwenye mpango huo, kwa hiyo ulizia lilikata bima gani ya kuingilia Tanzania, na uulize kabla halijaondoka.

Andika barua ya madai kwa kampuni ya bima mapema, nakala kwa mwenye gari. Barua fupi: nani, lini, wapi, gari lipi, umeumia nini, RB namba ngapi. Peleka kwa mkono ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukifika mahali pa kufungua kesi, kampuni lazima ijulishwe kuhusu kesi hiyo kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, la sivyo inaweza kukwepa kulipa hukumu utakayoshinda. Njia salama ni kuijulisha kabla hujafungua.

Wakikupa kiasi, omba mchanganuo: matibabu kiasi gani, kipato kiasi gani, maumivu kiasi gani. Hati ya kukubali malipo ya mwisho ukishaisaini, mlango umefungwa, hata ukikatwa mguu mwakani. Kama matibabu bado yanaendelea, sema unasubiri daktari akadirie ulemavu. Wakikuzungusha, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, na juu yake ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, inayosikiliza malalamiko dhidi ya kampuni za bima bila ada kwa mlalamikaji.

Ulikuwa kazini

Dereva, utingo, mlinzi wa mzigo, kibarua aliyebebwa na gari la mwajiri kwenda kuvuna: kama ajali imekukuta kazini, kuna mlango mwingine kabisa, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko huhitaji kuthibitisha kosa la mtu, hata kama wewe ndiye uliyeingia mtaroni. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mara moja, na kama anasitasita kujaza fomu, peleka taarifa kwa Mfuko mwenyewe. Mwajiri anayekuambia “hukuwa na mkataba” hajamaliza mazungumzo. Malipo ya simu ya kila mwezi na ushahidi wa wenzako vinaweza kuonyesha uliajiriwa.

Ikiwa wewe ndiye dereva na umemgonga mtu, simama, saidia, ripoti, lakini usitangaze hapo barabarani kwamba kosa ni lako. Mkataba wako wa bima karibu kwa hakika unakukataza kukiri au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Dhamana ya polisi ni bure. Anayekuomba fedha ili utoke, hakudai dhamana.

Msiba, wakili na muda

Ndugu akifa, wanaomtegemea wanaweza kudai chini ya Sura ya 310, sheria inayohusu ajali zinazosababisha vifo. Wanaanza na cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye muhtasari, kisha maombi ya msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo. Chagueni msimamizi anayejua kutunza karatasi; kaka mkubwa si lazima. Sheria hiyohiyo inagusa hali ambayo majeruhi mwenyewe alichangia kosa: fidia inapunguzwa kwa kiwango cha mchango wake, haifutwi. Bodaboda aliyekuwa bila taa asikubali kuambiwa hana chochote.

Wakili mhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kumpa hata shilingi. Wanaokufuata wodini wakiomba PF3 halisi na saini kwenye karatasi tupu, wape pole na uwanyime karatasi. Mkubaliane malipo yake kwa maandishi, na fedha ya fidia ilipwe kwa njia utakayoiona. Usipoweza gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi wilayani bure, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, hupita mikoani. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ni nani aliyesajiliwa karibu nawe.

Kama lililokugonga ni gari la serikali, lenye namba za STK, SM na jamaa zake, lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki. Kwa mengine, kesi ya kudai fidia ya majeraha inapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Miaka 3 inaonekana mingi, lakini toa humo mwaka wa kutibiwa, miezi ya kufuatilia ripoti za polisi, na ile barua nzuri ya kampuni ya bima inayosema “suala lako linashughulikiwa”. Mazungumzo na kampuni hayazuii miaka kuhesabiwa, na wapo wanaojua hivyo wanapokuandikia. Ukifika mwaka wa pili bila malipo, mpelekee wakili jalada lako, ukiwa na tarehe ya ajali imeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha.